Beti Tatu za Sista

Kila Jumanne sista wa hospitali alishuka kambi ya Kakuma kutoka Lodwar kupima kina mama saratani, na chupa ya siki ya dukani, tochi, na mtungi wa gesi ya baridi kali alioufunika kwa leso kama mtoto mchanga. Kabla ya kumgusa mtu alipasha mikono joto kwapani. Saa yake iliuawa na vumbi zamani, kwa hiyo dakika tatu za kugandisha doa, kabla halijageuka saratani, alizipima kwa wimbo: kina mama waliosubiri zamu kwenye benchi, nje ya pazia, waliimba beti tatu za kumsifu fahali wa kwao, polepole, ndipo gesi ikafungwa. Ikifungwa mapema, doa linabaki.

Jumanne moja siki aliyopaka ilionyesha doa jeupe kwenye mlango wa kizazi wa Nyandeng, muuza soda wa kambini, aliyemzika dada yake kwa saratani ya mahali hapohapo mwilini.

“Gesi imebaki ya mtu mmoja, mama. Usitikisike.”

Gesi ikalia shhh. Nyandeng akang'ang'ania kitanda, hofu ikamtoka mdomoni. “Sista, umeniwekea friji huko! Kesho nauza soda baridi?”

Benchi likaangua kicheko, wimbo ukakatika ubeti wa pili. Mkono wa sista haukusogea. Akaudaka wimbo mwenyewe, kwa sauti ya mbuzi aliyefungiwa, akamsifu fahali asiyemjua hadi neno la mwisho. Gesi ikaishia hapo.

“Hiyo saratani imekufa?”

“Ilikuwa haijafika, mama. Ilikuwa njiani.”

“Basi imesikia hiyo sauti, ikarudi kwao!”

Sista akacheka hadi akaketi sakafuni, mtungi mtupu mapajani.