Sweta ya Hariri Juu ya Mkeka

Tarehe tano Aprili tulimzika Mama, na kilichobaki mikononi mwangu ni sweta yake ya hariri. Nilipoikunjua ilitoa harufu hafifu ya siki, nikarudi kimawazo mtaani Kawempe, miaka ya mwanzo baada ya vita, nikiwa msichana mdogo.

Baba alikuwa mfua vyuma Katwe. Yeye na Mama walitoka Kenya wakaishi pamoja miaka mingi bila ndoa ya kanisani. Kwanza ukata, kisha vita. Amani iliporudi, mchungaji akawapangia harusi siku ya Jumamosi. Mama alinunua shali kuukuu ya hariri kwenye soko la mitumba la Kalerwe, akaifumua, akafuma sweta nyeupe ya kuvaa siku hiyo. Alipomaliza alificha ncha za nyuzi upande wa ndani, akaifua kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, akaisuuza kwa maji yenye siki ili ing'ae. Hakuikamua. Aliiviringisha ndani ya taulo, akaikandamiza kwa viganja, kisha akailaza mkekani kivulini, akiigusagusa mpaka ikapata umbo. "Sufu ikivutika inarudi," aliniambia. "Hariri hairudi." Tukaenda kuteka maji.

Tuliporudi, sweta ilikuwa kwenye kamba. Jirani yetu Mama Zaituni, Mnubi mwenye moyo mweupe, alikuwa akitungoja. "Mama Akinyi, nilikuta nguo yako chini, nikaanika. Kuku ingekanyaga." Maji yalikuwa yameivuta mikono ya sweta mpaka ikapita pindo. Harusi ilikuwa keshokutwa. Mama aliitazama. "Asante sana, dada," akasema.

Alisubiri jirani aingie kwake ndipo akailoweka tena na kuilaza upya. Kiwiliwili kilirudi kidogo, mikono ilikataa. Jioni Baba aliipima kwa macho. "Ningekuwa na mikono hii, ningefua chuma nikiwa kitandani." Mama alicheka huku akifuta machozi. Jumamosi aliivaa akiwa ameikunja mikono mara mbili. Kwenye karamu Mama Zaituni aliuliza mbona ndefu hivyo. "Mimi napenda mikono mirefu, dada. Kanisani kuna baridi." Ulikuwa uongo, na hakuusahihisha maisha yake yote. Hisani haiozi, walisema wahenga, hata ile iliyoharibu nguo.

Siku hizi nguo huingia mashineni, ikiharibika hununuliwa nyingine. Nyumba ninayoishi ina ukuta mrefu. Hakuna jirani awezaye kugusa nguo zangu, kwa heri wala kwa shari. Sweta yangu ingekuwa salama huko. Lakini niliifulia nyumbani kwa Mama, Kawempe, wiki moja baada ya mazishi, nikailaza juu ya mkeka uleule.

Mama Zaituni alikuja na mkongojo wake. Aliinama kwa shida, akakunja mikono ya sweta mara mbili, kama ilivyokuwa siku ya harusi.

"Mama yako alikuwa mwongo," akasema. "Siku ile kanisani kulikuwa na joto."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya mkeka, akaanza kufukuza kuku.