Fundi wa Kelele na Bendi ya Vyuma

Wiki iliyopita nilikuwa Fordsburg, hapa Johannesburg, navutana bei na muuzaji wa spika za magari, za mtumba. Alishaapa mara mbili kwamba hapunguzi, na mimi namjua, hupunguza akiapa mara ya tatu. Ili kunionyesha kwamba mali yake ni nzima, akaweka muziki. Nyundo juu ya bati, mashine inakoroma, na mtu anapiga mayowe kama kabanwa kidole na mlango. Nikaziweka spika chini, nikaaga. Mimi kuacha bei katikati, rafiki yangu, si jambo la kila siku. Nilifika kwenye robot, taa za barabarani, ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, nami nimesimama palepale. Akili ilisharudi Bertrams.

Uani kwetu Bertrams palikuwa gereji. Baba alitoka Tanga akiwa fundi wa kila kitu, lakini Johannesburg ikamfanya fundi wa kitu kimoja: kelele. Gari lililolia mahali pasipoonekana lililetwa kwake. Hakushika spana kwanza. Alikaa ndani, akafumba macho, mwenye gari akaendesha polepole kuzunguka mtaa, na wakirudi baba alikuwa ameshajua ni nati gani imelegea. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga nati kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikihesabu kisha nikihesabu tena, maana wateja wana mikono mirefu. Upande wa pili wa ua mama alikaanga magwinya, maandazi ya huku, ya kuuza. Kwa hiyo utoto wangu unanukia mafuta mawili, ya kupikia na ya gia, na siwezi kuapa ni yapi hayakuwahi kuingia kwenye chai. Jumamosi uwanja wa mpira wa jirani ukinguruma, baba aliweka vifaa chini. Alisema wale watu wanamziba masikio.

Ndipo akaja kijana wa Randburg na gari kuukuu. Mzungu, nywele ndefu, viatu vya kijeshi, adabu tele. Kilichomleta kilikuwa breki, lakini aliacha injini inawaka na kaseti inalia, akaenda kununua gwinya kwa mama. Baba akasikiliza kidogo, akafungua mlango wa mbele. Akatoa kitasa, akatoa kioo, akitafuta chuma kinachogonga. Bado kiligonga. Akafungua na wa pili. Kijana aliporudi alikuta gari lake limevuliwa nguo. Akaeleza kwa haya kwamba ile ni bendi ya Marekani, kwamba wanapiga vyuma makusudi, na wanalipwa.

Baba alimtazama sana, kisha akaniambia nitafsiri. "Mwambie wao wanalipwa kutia kelele, mimi nalipwa kuitoa. Aulize kama wanataka fundi wa kudumu."

Tangu hapo bendi ile ikawa kama ukoo wetu wa mbali. Kila mara kijana yule alipoleta gari alileta na habari, na mama alizidai kabla ya kumimina chai. Walianza watano, ndani ya kiwanda kilichofungwa, wakipiga mapipa. Kisha wakapata kampuni kubwa ya muziki na mashine za kupiga ngoma, mpiga ngoma akafukuzwa, na mama akanuna kama aliyefukuzwa ni mdogo wake. Halafu mwimbaji akaingia kwenye unga, akanyoa kichwa, akapotea. Mama akamwombea dua. Jina lilimshinda kutamka, akasema Mungu anamjua. Mwimbaji akarudi kweli, akaanza kutunga muziki wa filamu, na bendi ikabaki watu wawili. Niliwahesabu tena nikidhani nimekosea.

Jambo tusilolisema nyumbani ni kwamba kwa kila kaseti mpya, baba aliongeza sauti. Mteja mmoja akarudi na kelele yake ileile, na mwingine pia. Mama akaanza kumsubiri ageuke kabla ya kumsemesha. Kodi ya ua ule ilitoka kwenye masikio yake, na baba alijua hivyo kuliko sisi. Alidai magari ya siku hizi hayasemi.

Mwaka niliomaliza shule, kijana alikuja na sidii. Nywele zilishaanza kumkimbia. Alisema jamaa wamezeeka, safari hii ni piano tupu. Baba akakaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Piano ilikuwa ndogo, kama mtu anayetembea peku chumba cha pili. Baba akawa anatikisa kichwa kwa nguvu. Wimbo ukaisha, kijana hakuweka mwingine, na baba bado anatikisa.

"Hawa jamaa bado wana nguvu," akasema.

Kijana akatazama usukani. Baba akamwona, akanigeukia, akanikagua uso taratibu, kama gari lisilotaka kusema.

"Wimbo umekwisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Zamani?"

"Kitambo, baba."

Akaizima redio mwenyewe. "Basi, mama," akaniambia mimi bintiye, "kesho ukae wewe hapa mbele. Mimi nitashika spana, wewe utaniambia kinalia wapi."

Nilikaa kiti kile hadi ua ulipouzwa, nikidai nyongeza kila mwezi na kunyimwa kila mwezi. Sasa pale pamesimama maghorofa, na geti lake halitoi hata mlio. Magari nayo huchomekwa kwenye kompyuta, hakuna anayefumba macho. Mimi nimebaki na ugonjwa wa kazi: nikipanda teksi nasikia kila kilicholegea, situlii mpaka nishuke.

Jana kijana wa Randburg, ambaye sasa ana upara mzima, alinipigia. Bendi imevunjika. Wametangaza wenyewe, hawarudi. Nikaenda kwa baba, nikaketi mbele yake penye mwanga, nikamwambia neno moja moja.

"Wameacha kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Hawatapiga tena?"

"Hawatapiga."

Akafikiri, akipapasa goti. "Basi sasa hakuna ninachokosa," akasema, akacheka, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua.