Mgeni Juu ya Grafini

Simu iliita wakati shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akinijulia hali shambani kwetu Magamba. Shikamoo nilikuwa nimeshatoa, naye ndiyo kwanza anaulizia masomo, afya, na wenzangu wa chuoni mmoja mmoja. Kwetu salamu haikatwi. Mimi niliikata, nikaruka matuta ya viazi na simu sikioni, bila hata kuomba radhi.

Aliyepiga ni mwenzangu wa maabara. Kwa miaka miwili tumekuwa tukitandaza molekuli zenye usumaku juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, ndugu wa kile cheusi cha ndani ya penseli. Tunaota vifaa vitakavyobeba habari kwa usumaku mdogo uliomo katika kila elektroni, habari tutakayoisoma kwa umeme unaopita kwenye grafini. Ila molekuli hizi hudeka: ukizilaza juu ya kitu, nyingi hupoteza usumaku wake. Sampuli aliyokuwa akiipima siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Ikishindwa, tunaambiwa tutafute mada nyingine.

Akaniambia usumaku upo, umebaki kama ulivyokuwa. Sikungoja neno la pili. Nilikata simu nikarudi nikicheka peke yangu kama mwehu, furaha imenijaa hadi miguu haitulii.

Shangazi alikuwa amenuna, na haki yake. Nikapiga goti nikamweleza yote, mikono inapaa huku na huku, kwamba molekuli ni mgeni, grafini ni mwenyeji, na mgeni kafika salama. Alinisikiliza huku akipukuchua maharage.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Mbona unanipa habari za mgeni tu? Mwenyeji hukumwulizia?"

Moyo ulinilipuka. Sikuwa nimeuliza. Grafini ikiharibika, umeme usipite, usumaku wetu ni kazi bure, na mimi msomi mzima nilisahau nusu ya swali. Nikampigia mwenzangu tena, nikamwuliza grafini inasemaje.

"Ulikata kabla sijamaliza," akasema. "Umeme unapita vizuri. Tena tukigeuza usumaku wa molekuli, nao umeme unabadilika."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo, nikalia kwa furaha. Hicho ndicho tulichokitafuta miaka yote miwili, na mimi nilikuwa nimekikatia simu.