Wanawake Walioanguka Minazini

Nilikuwa nafundisha takwimu za tiba mjini Lindi, wanafunzi wangu manesi na matabibu waliokuja mafunzoni na madaftari ya wagonjwa wa zahanati zao. Siku moja tulihesabu sababu za majeraha. Katika daftari la zahanati moja ya ndani ndani huko Kilwa, mwanamke baada ya mwanamke aliandikwa kwamba ameanguka mnazini.

"Wanawake wa kwenu wanakwea minazi?" nilimuuliza mwenye daftari, nesi wa makamo.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Hata mmoja. Wamepigwa. Nikiandika kapigwa, nadaiwa PF3, fomu ya polisi, kabla sijashona, na polisi ni mwendo wa kutwa kwa bodaboda. Fomu ikifika, damu imekwisha. Nikiandika kaanguka, nashona."

Nilimkemea mbele ya wenzake. Nikasema anawafuta wanawake wale, na wilaya itaamini kwao kuna amani.

"Basi njoo, mwalimu. Ushike kalamu wewe."

Nilikwenda. Ilikuwa asubuhi ya kliniki ya watoto, mabenchi yamejaa kina mama. Mwanamke akaingia amekandamiza kichwa kwa kanga iliyolowa. Alipoiachia, ngozi ya utosi ilifunuka, nikaona mfupa mweupe. Mumewe alimfuata na panga.

"Andika kaanguka," mume alisema.

Nesi alikuwa ameshashika sindano. Akanisukumia daftari kwa kiwiko. "Haya, mwalimu."

Niliandika: kapigwa panga na mume. Sikudhani mume angeweza kusoma maandishi yaliyo kichwa chini. Aliweza. Bapa la panga lilishuka juu ya mkono wangu, nikasikia mfupa ukivunjika kama muhogo mkavu. Kisha akamgeukia mkewe, safari hii kwa makali. Nesi akamrushia usoni maji ya moto ya kuchemshia mikasi. Alinguruma, panga likamtoka, kina mama wakamvamia kwa ndala, kwa kucha, kwa meno. Mmoja alimkalia shingoni, mwanawe mgongoni akilia.

"Tulia! Libaba zima!"

Walimfunga kwa kanga zao mpaka mgambo wakaja kumchukua.

Nesi alishona bila fomu. Mimi nilikaa sakafuni, nimeukumbatia mkono wangu uliovunjika.

"Dada," mwanamke akauliza chini ya sindano, "mmeshaandika?"

"Imeandikwa."

"Ndugu zake wakisikia watanimaliza. Nitalala wapi leo?"

Nilikuwa nimefikiria wilaya, nimefikiria hesabu; kitanda chake sikukifikiria kabisa.

"Kwangu," nesi akasema, akikaza fundo la mwisho. "Ila nyumba ni ya mama mkwe, na mama mkwe ana maneno. Mwalimu, inuka. Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia."