Wanafunzi Walipomwimbia Mwalimu Wao Wimbo wa Wageni

Darasa zima lilisimama, likapiga makofi, likamwimbia mwalimu wake wa hesabu wimbo wa kukaribisha wageni.

Mwalimu wao wenyewe. Aliyeajiriwa kuwafundisha wao.

Mimi nilikuwa mlangoni na chati yangu ya hesabu za sehemu mkononi, na pembeni yangu amesimama msimamizi kutoka chuoni. Nikajua nimekwisha.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mkisikia kipande tu mtasema naongeza chumvi.

Nilikuwa mwalimu tarajali, mwaka wa mwisho, nimebakiza mazoezi ya kufundisha tu. Ukifaulu mazoezi, cheti. Ukifeli, unarudia mwaka mzima.

Na mama alikuwa ameshautangazia ukoo kwamba nimemaliza. Mjomba ameshashona suti ya mahafali. Sasa mtu kama mjomba utamwambia nini? Airudishe kwa fundi ifumuliwe?

Alama zinatoka kwa watu wawili. Nusu anatoa msimamizi wa chuo, anayekuja kukuona ukifundisha. Nusu anatoa mwalimu mlezi, yule wa shuleni unayekabidhiwa akulee. Mwongozo unasema mlezi akae nyuma ya darasa, akuangalie, akurekebishe.

Mlezi wangu, wenzake walimwita Chupa.

Ni kwa sababu ya chupa yake ya chai. Ofisi ya walimu ilikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, pale dirishani. Chupa alikalia kiti, chupa ikakaa dirishani, na hakuna aliyewahi kuwaona wametengana.

Siku ya kwanza alinipokea vizuri mno. Akanikabidhi boksi la chaki kwa mikono miwili, kama anaozesha binti.

"Mwanangu, chuoni wamekupa nadharia. Hapa utapata uzoefu."

"Asante, mwalimu. Nianze na vipindi vipi?"

"Vyote."

"Vyote vyako?"

"Vyangu vipi tena? Si vyako hivyo?"

Akamimina chai.

Basi bwana, nikapata uzoefu mpaka ukanitokea puani. Nafundisha mimi. Nasahihisha madaftari mimi. Zamu yake nashika mimi, kengele nagonga mimi, watoto wakipigana naamua mimi. Chai ikiisha, mlezi anaitikisa chupa hewani bila kunitazama, nami nainuka kwenda kujaza.

"Unajenga uzoefu, mwanangu," anasema.

Jioni naandika andalio la somo, ule mpango wa kipindi cha kesho. Chini kuna sehemu ya tathmini, unaeleza kipindi kilivyokwenda, kisha mlezi anasoma na kusaini. Chupa alikuwa anasaini huku anaongea na simu.

Siku moja nikaona nimpime. Kwenye tathmini nikaandika: "Leo wanafunzi wote wamegeuka mbuzi."

Akasaini. Pembeni akaandika: "Kazi nzuri. Zingatia muda."

Nilicheka hadi tumbo likauma. Halafu nikakasirika, kwa sababu huyo ndiye mwenye nusu ya cheti changu.

Siku ikafika ya kuambiwa msimamizi anakuja kesho. Huyo msimamizi wanachuo tulimwogopa kuliko mtihani. Alikuwa hacheki. Anakaa nyuma ya darasa, anaandika, anaondoka, na wewe unabaki na homa.

Mama akapiga simu jioni hiyo.

"Mwalimu wangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Ila bado sijawa mwalimu."

"Usinitie mikosi. Mjomba wako suti anaijaribu kila siku."

Chupa naye akahangaika siku hiyo. Akaenda kunyoa. Akanyoosha shati.

"Kesho nitaingia mimi kwanza," akaniambia. "Utaratibu ni kwamba mlezi ndiye anamtambulisha mgeni darasani. Wewe utafuata nyuma yangu na mgeni."

Nikakimbilia darasani kuwaandaa watoto. Nikatunga wimbo mfupi, tukaufanyia mazoezi hadi ukawakaa.

"Sasa sikilizeni," nikawaambia. "Kesho kuna mgeni. Mkiona tu sura msiyoijua inaingia mlangoni, simameni muimbe. Msiningoje mimi."

Ndipo nilipokosea. Kichwani mwangu, sura wasiyoijua ilikuwa moja.

Asubuhi yake Chupa akaingia mbele, kifua nje, kama mwenye nyumba anayerudi kutoka safari. Na watoto wangu, Mungu awabariki, hawakuningoja.

"Karibu mgeni wetu! Hujawahi kufika kwetu! Tumefurahi kukuona! Usichoke kuja tena!"

Na makofi juu.

Chupa akasimama katikati ya darasa, mdomo wazi. Nikatamani ardhi ipasuke, initangulize mimi.

Wimbo ukaisha. Msimamizi akaketi nyuma, akatoa kalamu.

"He-he! Watoto hawa kwa utani!" Chupa akajichekesha. "Haya kaeni. Mimi ni nani?"

Kisha mkono ukanyooka nyuma.

"Wewe ni fundi wa madirisha!"

Darasa likalipuka kwa furaha. Wawieni radhi, vioo vya upande ule vilivunjika zamani, mvua ilikuwa inawanyeshea kwenye madaftari, na mwalimu mkuu kila siku anawaambia fundi yuko njiani. Wakapiga makofi upya. Mmoja akahama kiti kabisa ili fundi apate nafasi ya kazi.

"Mwalimu," msimamizi akasema kwa upole ulionitisha, "hebu mwite mwanafunzi mmoja kwa jina."

Chupa akajifuta jasho. Akaangaza huku na huku, uso ukamng'aa ghafla. Alikuwa amekumbuka. Akataja jina la binti mmoja, jina kamili na la baba, akasema ni hodari sana wa hesabu, hukaa pale mbele.

Kiranja akasimama kwa adabu zote.

"Huyo ni dada yangu, mgeni. Alishamaliza shule. Sasa ana mapacha."

Niliuma ulimi nisicheke, nikashindwa, nikakohoa. Msimamizi akaniangalia. Kicheko kikakauka chenyewe.

Nikafundisha sehemu zangu hivyo hivyo. Nashukuru watoto walijibu vizuri.

Baadaye tukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Chupa kanywea kitini. Msimamizi akawauliza wote wawili ilikuwaje, na mambo yote yakamwagika. Kumbe shule ilikuwa inapokea wanafunzi wa mazoezi kutoka vyuo mbalimbali. Wa chuo hiki wakiondoka, wa chuo kile wanashuka na mabegi. Chupa hakupata pengo la kuingia darasani.

Msimamizi akanigeukia.

"Na wewe useme. Mlezi wako alikulea?"

Chupa akaniangalia. Nusu ya alama zangu ilikuwa bado mfukoni mwake, na yeye anajua, na mimi najua. Nikaiona suti ya mjomba.

"Alinilea, mwalimu," nikasema. "Kila kitu ninachojua kukifanya peke yangu, nimejifunza kwake."

Kwa mara ya kwanza nikaona jino la msimamizi.

"Vizuri. Basi siku za mazoezi zilizobaki tutageuza. Darasani ataingia yeye. Andalio la somo ataandika yeye. Wewe utakaa nyuma, utamrekebisha, utamsainia. Siku ya mwisho nakuja, na kila mmoja atatoa alama za mwenzake mbele yangu."

Mwalimu mkuu akakubali haraka haraka, kabla hajaulizwa habari za madirisha.

Kesho yake Chupa akaingia darasani. Chaki ya kwanza ikamvunjikia ubaoni. Lakini wacha niseme ukweli: alipopata pumzi, yule mzee alijua kufundisha! Sehemu zilizonitoa jasho na chati yangu, yeye alichukua karatasi moja, akaikunja, akaikunja tena, na darasa zima likasema "Aaa!" Nilimwonea wivu. Nikamwonea na hasira pia, kwa vitu vyote hivyo kuozea kitini.

Siku za mwanzo nilikaa nyuma, naandika maoni yangu kwa bidii.

Halafu nikaona, mbona anaweza? Nikawa nachungulia mlangoni tu.

Halafu jua likawa kali kule mlangoni. Ofisini kile kiti kilikuwa kitupu. Nikakikalia kidogo, kujaribu.

Jamani, ule mto!

Chupa ya chai ilikuwa pale pale dirishani, naye mwenyewe hana muda nayo siku hizi. Ningeiacha ipoe? Nikamimina.

Jioni mzee anakuja, mabega yamejaa vumbi la chaki, ananiletea andalio la somo kwa adabu. Nasaini. Siku nyingine namwomba ajaze chai akipita.

"Unarudisha uzoefu, mwalimu," namwambia, na ofisi nzima inacheka.

Siku ya mwisho msimamizi akaja kama alivyoahidi. Tukakaa watatu. Nikatoa alama za mlezi wangu kwa ukarimu, nikaeleza kwa kirefu nilivyomfuatilia hatua kwa hatua.

Zamu ya Chupa ikafika. Badala ya alama, akatoa andalio lake la juzi, akalisukuma mezani mbele yangu.

"Mwanangu, msomee msimamizi tathmini yangu. Hiyo uliyoisaini."

Nikaanza kusoma kwa sauti ya kujiamini.

"Leo wanafunzi wote wamegeuka..."

Sikumaliza.

Chini yake, mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umelala sawa: "Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Kumbe siku ile ya mbuzi alisoma! Alisoma, akacheka kimoyomoyo, akasaini, akaendelea na chai yake.

Nilitamani kulia. Msimamizi ameshika kalamu, ananitazama.

"Mpe amefaulu," Chupa akasema. "Alama zote. Huyu hana la kujifunza zaidi. Ameshakuwa mwalimu kamili, kama sisi."

Msimamizi akaandika. Mjomba akavaa suti yake.

Sasa na mimi nimeajiriwa shule nyingine, na wiki ijayo wanafunzi wa mazoezi wanashuka. Mwalimu mkuu ameniteua niwe mlezi. Nyie mnaoenda mazoezini, somo ninalowaachia ni hili: msimcheke mlezi wenu mpaka mkikalie kiti chake mkakiona.

Nami mto wa kiti changu hapa ofisini nimeshautoa, nimempa mlinzi wa getini. Ila chupa yangu ya chai bado naifikiria.