Baiskeli Juu ya Gari

Sijapata kuwadharau watu kama nilivyowadharau Wakristo wenzangu wa Riruta Satellite, Nairobi. Dharau hiyo nimeiungama mara mbili, na mara zote mbili nimetoka kanisani nikiwa nayo. Walinitendea mema, sikatai. Walininywesha chai ya maziwa matupu, wakanitafutia dawa ya kuchua, na hata leo nawataja katika sala za asubuhi. Nikishawataja, nawadharau tena.

Mke wangu alikuwa amelala kitandani miaka miwili kwa ugonjwa wa kifua. Nikapiga magoti nyumbani kwetu Babati nikaweka nadhiri: Mungu akimwinua, nitakwenda Uganda, Namugongo kwa mashahidi, peke yangu, kwa baiskeli. Akainuka. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nikaondoka. Nilipanga kufika siku ya sikukuu yenyewe, tarehe tatu Juni, uwanja ukiwa umejaa mahujaji. Nairobi nilikusudia kulala siku mbili tu, kwa binti wa dada yangu aliyeolewa Kabiria.

Goti lilinikatalia kwenye mlima wa kutoka Kiserian. Dagoretti Corner niliingia nikikanyaga kwa mguu mmoja, na wapiga debe wa pale stendi wakanishangilia: "Mzee, ongeza gia!" Baiskeli yangu haikuwa na gia. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza goti, akatikisa kichwa, akasema nisiiguse baiskeli kwa siku kumi. Siku kumi ndizo zilizokuwa zimebaki kufika sikukuu.

Mpwa wangu, kwa nia njema, akaipeleka habari yangu kwenye jumuiya yao ya kanisa. Jumamosi wakaja kusali nyumbani kwake, watu kama kumi na watano, na mwenyekiti wao mbele: mwenye nyumba za kupangisha Satellite, mtu wa sauti kubwa, aliyekuwa na gari dogo la abiria. Hakuna aliyeuliza mke wangu anaendeleaje. Waliuliza kama nimepiga picha njiani.

"Mzee, hiyo goti isikusumbue," mwenyekiti akasema. "Sisi tunaenda Namugongo na gari. Wewe unakaa mbele na dereva, baiskeli tunafunga juu."

"Nadhiri yangu ni ya kwenda kwa baiskeli, Mwenyekiti."

"Na si utaendesha! Tukibakisha kama kilomita tatu hivi, tunakushusha. Unavaa fulana ya jumuiya, unaingia ukipiga kengele. Watu waone."

"Waone nini?"

"Mzee ametoka Tanzania na baiskeli!"

"Na hiyo si uongo," mama mmoja akadakia. "Ametoka nayo, amefika nayo."

Wakacheka, wakapiga makofi, kana kwamba amefafanua Injili.

"Mungu anaangalia roho, Mzee," mwenyekiti akanituliza.

"Basi roho yangu nendeni nayo," nikamjibu. "Mimi nitabaki na goti."

Akacheka kuliko wote. Alidhani ni mzaha.

Kabla ya kuondoka wakaniachia bahasha zenye nia zao, nizifikishe kwa mashahidi, eti mwenye nadhiri husikika upesi. Hazikuwa zimegundishwa, na nakiri nilizisoma. Mmoja aliomba mpangaji wake ahame bila vurugu. Mwingine aliomba viza. Wa tatu aliomba jirani yake ashindwe kesi ya kiwanja, na akataja namba ya kiwanja, mashahidi wasije wakakosea. Vijana wale walichomwa moto kwa ajili ya imani yao, na huku Satellite wanaombwa wamfukuze mpangaji.

Lakini siku mbili zilizofuata, nikiwa nimekaa uani na goti limefungwa kitambaa, niliona kwamba nalitaka gari lile. Nilitaka kuwahi sikukuu. Nilikuwa nimeshajiona nikiingia kati ya umati, padre akinitangaza kwenye kipaza sauti, mzee wa Babati, peke yake, kwa baiskeli. Picha hiyo nilikuwa nayo tangu nyumbani, na mwenyekiti hakuniongezea kitu ila fulana. Hapo dharau yangu ilipata mtu mwingine wa kumshughulikia.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu nikampigia mke wangu. Nikamwambia ama nipande gari niwahi, ama nisubiri goti nifike sikukuu imekwisha.

"Mimi nilipona sikukuu gani?" akauliza.

"Sikuelewi."

"Nilipona Jumatano tu, Baba watoto. Nilijikuta nakuna nazi. Wewe mwenyewe ulikuwa hupo, ulikwenda mnadani."

Nikatumbukiza sarafu nyingine kwenye simu.

"Chua goti," akasema. "Na usikae sana kwa watu."

Jioni nikamrudishia mwenyekiti bahasha zao, nikamwambia nitasubiri goti. Alinitazama kama anayemtazama mpangaji aliyeshindwa kodi.

"Mzee, utafika huko upate nini? Viti vitakuwa vimeshatolewa!"

"Nitapiga magoti. Magoti hayahitaji kiti."

"Na bango la msafara je? Nimeshachapisha huko mjini, River Road!"

Kweli alikuwa amechapisha. Siku ya kuondoka gari lilisimama Satellite likiwa na bango ubavuni: MSAFARA WA BAISKELI. Na kwa kuwa bango haliwezi kusema uongo mbele ya majirani, walikuwa wameazima baiskeli ya muuza maziwa, wakaifunga juu ya gari. Wakaondoka wakiimba.

Mimi niliondoka siku ya pili baada ya sikukuu, asubuhi, taratibu, nikakata kwenda Kikuyu. Kwenye mlima wa kuelekea Limuru nilikuwa nimeshuka nasukuma, nikasikia honi. Ni wao, wanarudi. Baiskeli ya muuza maziwa bado iko juu, magurudumu hayana hata tope. Mwenyekiti akatoa kichwa dirishani, sauti imemkauka kwa nyimbo.

"Mzee, kwisha! Hakuna mtu huko sasa! Geuza!"

"Mlimwombea mke wangu?"

Wakatazamana mle ndani.

"Tuliombea wote kwa jumla," mwenyekiti akasema.

Nikawashukuru, maana ndivyo nilivyolelewa, nikainamia usukani. Kulikuwa na mlima mrefu bado, na mtu mmoja wa kuombewa kwa jina.