Uzio wa Minyaa Kando ya Barabara

Mwaka wa 1974 Leonia alihamishwa. Ukimwambia alihama, anakusahihisha pale pale. Nyumba yake ya bondeni iliezuliwa paa, naye akapakiwa kwenye lori pamoja na kuku, vyungu na mjukuu wake Tekla, akashushwa kando ya barabara ya Nzega, mwendo wa asubuhi moja kutoka Puge. Babu yake alipita njia hiyo hiyo akiwa mpagazi wa misafara. Angalau yeye alikuwa analipwa. Leonia aliambiwa akae hapo, maendeleo yatamfikia.

Kilichomfikia kwanza ni vumbi. Shule ya kijiji kipya ilijengwa hatua ishirini tu kutoka barabarani, kwa sababu wakubwa walipenda kuiona wakipita. Malori ya pamba yalianza alfajiri, na kila lilipopita moja, uwanja wa kuchezea ulipotea wote, watoto wakabaki kusikika tu wakikohoa. Wengine walikohoa kidogo, kikohozi kikaisha. Tekla alikuwa na pumu. Kiangazi chote alirudi nyumbani mbavu zikipanda na kushuka, hawezi hata kuitika akiitwa. Leonia alikuwa amemzika mama yake Tekla kwa kifua hicho hicho, na hakuwa na mtoto mwingine.

Basi akafanya alichokijua. Mvua za kwanza zilipoanguka alikwenda bondeni kwake kwa zamani, akakata vijiti vya minyaa, akavibeba kichwani safari tatu, akavichomeka mstari mmoja kati ya uwanja na barabara. Mwalimu mkuu, Raymundi, alimcheka kwanza, kisha akamwazima jembe. Minyaa haina makuu, ukiichomeka inaota. Mwaka wa tatu ilikuwa imempita mtu mzima kimo na kufungamana, vumbi likawa linaishia kwenye matawi yake upande wa barabarani. Kiangazi hicho Tekla alicheza rede. Leonia alisimama akamtazama anavyokimbia, akalia mbele za watu bila haya.

Lakini kwa watu wa huku, minyaa ni mpaka. Anayeipanda anasema hapa ni pangu. Leonia alilijua hilo tangu utotoni, ila kwa kumfikiria mtoto likamtoka kichwani. Halikumtoka Lugembe, mwenyekiti wa kijiji. Aliitisha mkutano hapo hapo uwanjani.

"Shikamoo, mayu," alianza, akimwita mama kwa lugha ya huko, maana adabu alikuwa nayo.

"Marahaba, mwanangu."

"Uzio huu ni wa nani?"

Akisema ni wake, amejimegea ardhi ya kijiji, naye ni bepari. Na siku zile heri uitwe mchawi. Alimtazama Mwalimu Raymundi. Mwalimu alikuwa anakagua viatu vyake.

"Ni wa watoto," alisema Leonia.

"Watoto hawagawiwi ardhi. Ni wako au si wako?"

"Si wangu."

"Basi kama si wako, ukiong'olewa huna la kusema."

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Na watoto wao walikuwa wamekaa nyuma yao, vifua vyepesi kwa mara ya kwanza tangu waletwe pale. Minyaa iling'olewa siku hiyo hiyo, katika kipindi cha kazi za kujitegemea, na walioing'oa ni wanafunzi wenyewe, huku wakiimba. Leonia alikaa chini akawaangalia.

Kiangazi kilichofuata Tekla alirudishwa kutoka shuleni mara mbili akiwa amebebwa mgongoni. Baada ya hapo bibi yake hakumpeleka tena. Wiki ya pili Lugembe akabisha hodi, ana daftari la watoro mkononi.

"Mayu, serikali inataka kila mtoto awe darasani. Tekla yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Anafanya nini ndani saa hizi?"

"Anapumua," alisema Leonia, akafunga mlango.